Baiskeli ya umeme au ya kukanyaga? Kwa anayenunua Tanga

Tanga ni mji wa baiskeli kwa sababu ardhi yake ni tambarare. Kutoka Raskazone mpaka Ngamiani hukuti mlima wa kukulazimisha ushuke usukume. Lushoto mota ingekuwa mkombozi. Hapa kwetu kazi yake kubwa ni umbali na mzigo. Jipime kwa hayo mawili kwanza.

Namba moja kwa wengi wetu naipa baiskeli ya mtumba yenye gia. Ni nyepesi, fundi wa mtaani anaifahamu, na bei ya moja ya umeme inanunua kadhaa za namna hii. Ila ikague kwelikweli. Nyanyua gurudumu ulizungushe. Rimu ikiyumba, kuna spoki zimelegea au rimu imepinda. Nenda na sumaku ndogo: ikinata kwenye fremu, hiyo ni chuma; isiponata, kwa kawaida ni alumini. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na chuma huliwa kimyakimya chini ya rangi, hasa pale pedeli zinapopita. Mimi ningechukua alumini hata ikiwa imechubuka.

Namba mbili ni ya umeme yenye betri ya lithiamu inayochomoka. Kama unatoka Pongwe kuja mjini kila siku, au magoti yanakusumbua, kwako hii ndiyo namba moja, na usimsikilize anayekuambia ni anasa. Soma maandishi ya betri: zidisha volti kwa ampea-saa. Volti 36 kwa ampea-saa 10 ni wati-saa 360, zinazotosha takriban kilomita 30 hadi 40 ukiwa unakanyaga pia. Ukiiachia mota kazi yote, umbali unapungua sana. Kuijaza hakumalizi hata nusu yuniti ya LUKU, kwa hiyo gharama ya umeme isikutishe. Kinachouma ni betri yenyewe: baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa huanza kuchoka, na mpya ni ghali. Muulize muuzaji kama anazo za akiba, tena akuonyeshe.

Chaja ya lithiamu ya volti 36 huandikwa volti 42. Usikubali ya kuazima yenye namba nyingine, na usichaji usiku umelala. Betri ikitoka juani, iache ipoe kwanza. Masika usipitishe baiskeli kwenye dimbwi linalofunika mota, na usiioshe kwa maji ya presha. Kitambaa chenye maji baridi kinatosha kuondoa chumvi.

Tatu ni Phoenix mpya ya chuma. Kwa gunia la mkaa au ndoo za samaki keria yake haina mpinzani, lakini ni nzito, na breki zake za vyuma hushika vibaya mvua ikinyesha.

Ya mwisho ni ya umeme yenye betri za asidi. Bei yake inavutia, lakini betri ni nzito na hufa mapema. Iache.

Ukiamua ya umeme, kabla ya kutoa pesa zima mota, uikanyage kwa dakika kumi. Umeme ukikatika au betri ikiisha katikati ya safari, hivyo ndivyo utakavyorudi nyumbani.