Desa la elfu saba la hesabu za fedha, uzoefu wangu

Wadau nilikuwa mwaka wa tatu, imebaki wiki mbili kuingia UE (mtihani wa mwisho wa semista) ya hesabu za fedha, na siongelei riba na anuiti za mwaka wa kwanza, naongelea martingeli, lema ya Itô, Black-Scholes yenyewe, ile fomula ya bei za opsheni (opsheni ni haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei mliyokubaliana leo, ndiyo bei ya mkataba). Bumu (hela ya mkopo wa chuo) likaingia, nikapita steshenari moja karibu na geti nikachukua desa lao, pasti pepa za miaka sita na majibu yake, 7,000.

Maswali yako poa sana, hapo nawapa haki yao. Ukiyafanya mfululizo unaanza kuona lekchara anapenda nini, mti wa binomia wa hatua mbili haukosekani, na logi ya bei ya hisa kwa lema ya Itô ipo karibu kila mwaka (ile nusu ya sigma skweya ukiisahau umekwisha).

Sasa majibu. Kuna swali hisa ni 100, bei ya mkataba 100, riba 5% inayojikusanya muda wote, volatiliti (bei inavyoyumba) 20%, mwaka mmoja. Desa linasema opsheni ya kununua 7.72 na ya kuuza 7.72. Mimi napata 10.45 na 5.57. Nimerudia mara nne nikadhani kikokotoo kimeharibika! Kwenye diskasheni tukabishana mpaka saa saba usiku, jamaa mmoja amekomaa kwamba desa limepitisha watu kibao haliwezi kukosea. Kilichonishtua ni zile namba kulingana, maana riba ipo, na 100 ya mwakani leo ni 95.12, kwa hiyo ya kununua lazima iizidi ya kuuza kwa hisa 100 toa 95.12, yaani 4.88, na zangu ukizitoa unapata hiyohiyo. Kumbe aliyetengeneza hakuirudisha bei ya mkataba leo, kaiacha 100 vilevile.

Tangu hapo majibu nikawa nayafunika na karatasi, nafanya kwanza, halafu nakagua desa kama vile mimi ndio nasahihisha, na msuli wa hivyo ulinisaidia kuliko kukariri. Sapu (mtihani wa marudio) sikupata, nina B+ yangu.

Kwa hiyo nunueni, ila kwa ajili ya maswali tu. Niliwaambia wale wa steshenari kuhusu lile kosa, wakasema watarekebisha. Juzi nimepita, sasa hivi ni 8,000, nikafungua ukurasa uleule, 7.72 ipo imetulia.