Kipoza oili: kipi uchukue, na presha ibaki pale pale

Wengi wanaouliza kipoza oili, yaani kifaa cha kupunguza joto la oili ya injini, huku kwetu Zanzibar wana gari ya biashara: HiAce ya kupeleka wageni Nungwi na Paje, kiyoyozi hakizimwi kutwa, au daladala ya Pemba inayopanda vilima imejaa watu na mizigo. Kabla hujatoa pesa, mwambie fundi afunge geji ya presha na geji ya joto la oili, na uandike zinavyosoma. Presha ikishuka oili ikiwa na joto la nyuzi 90 au 100 tu, hilo ni joto la kawaida, basi tatizo ni beringi au pampu na kipoza hakitakusaidia kitu. Ikianza kushuka oili ikishapita 120, hapo kipoza kina kazi.

Nafasi ya kwanza naipa kile cha kiwandani kinachopozwa kwa maji ya rejeta, ambacho injini nyingi za dizeli huja nacho. Watu hukidharau kwa sababu hakionekani. Lakini asubuhi huipasha oili moto mapema, mchana huipoza, na hakina hozi ndefu za kupasuka. Kwenye HiAce nyingi, injini ipo chini ya viti, na kupeleka oili hadi mbele ya rejeta na kuirudisha ni safari. Nunua kipya. Cha mtumba huenda kimetoka kwenye injini iliyokufa, na chembe za chuma zilizojificha ndani hazitoki hata ukikiosha vipi. Kikitoboka kwa ndani, utaona maji ya rejeta yamekuwa kama chai ya maziwa.

Cha pili ni cha upepo, kile cha sahani zilizopangana, kikiwa na kipande kinachokaa kati ya filta na bloku. Sharti langu hapa ni moja: kipande hicho kiwe na themostati, inayofunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Bila hiyo, oili haifiki joto la kukausha unyevu, na asubuhi ikiwa nzito inalazimishwa kupita kwenye njia nyembamba zote. Angalia na thredi ya kufungia filta: Toyota nyingi za petroli ni robo tatu ya inchi, Honda na Subaru nyingi ni milimita 20. Zinakaribiana kiasi cha kumdanganya fundi mwenye haraka.

Cha tatu, bomba lenye mapezi. Bei rahisi, oili hupita bila shida, lakini hakipozi sana. Kwa gari ndogo kinatosha.

Cha mwisho, na mimi sikinunui hata nikipewa nusu bei, ni kipoza cha giaboksi ya otomatiki kilichotolewa kwenye gari nyengine. Matundu yake ni membamba mno kwa oili ya injini. Hapo ndipo presha inapopotelea: pampu inasukuma, lakini oili inakwama kabla haijafika kwenye beringi.

Kosa hilo hilo hurudi kwenye hozi. Tundu la ndani lisipungue nusu inchi, kona kali ziwe chache, na hozi iwe ya oili ya moto yenye presha. Hozi ya maji na klempu za kawaida ziache dukani. Zikichomoka njiani, injini haina dakika nyingi.

Kipoza cha upepo kikae mbele ya rejeta bila kuigusa, midomo ikitazama juu ili hewa itoke. Hozi zipite mbali na ekzosi na mikanda. Kwa gari za pwani, mapezi yaoshwe mara kwa mara kwa maji baridi ya bomba, taratibu, maana chumvi inakula alumini.

Siku ya kufunga, jaza oili ndani ya kipoza kwanza. Kisha chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, au waya wa kuzimia kwa dizeli ya zamani, upige stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili izimike. Ndipo uwashe. Oili ikishapata moto, linganisha geji na ulivyoandika kabla ya kufunga, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa) na ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika: presha ikiwa imeshuka sana, shuku hozi na viungo kabla ya kumshuku muuzaji. Zima, kagua viungo, vuta stiki, ongeza. Kipoza na hozi zake humeza nusu lita au zaidi.