Fundi wa Langoni na kompyuta yangu ya 2012

"Mama, mashine yako yanukia udi."

Hilo ndilo la kwanza alilosema fundi alipofungua ubavu wa kompyuta yangu. Nikaona haya kidogo, kisha nikacheka. Chumba ninachofanyia kazi ndicho tunachofukizia nguo, na kwa miaka yote hiyo feni ilikuwa ikivuta moshi wa udi pamoja na nyuzi za leso na hewa ya bahari. Kilichotoka ndani kilikuwa kama sufi nyeusi, inata.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nampa fundi huyu sifa nitakazompa. Nahariri video za harusi, upande wa wanawake. Usiku wa hina, vugo, siku ya kupamba: pahala ambapo mwanamume haingii, na kamera pia hushikwa na mwanamke. Watu wananiachia amana. Diski yangu haijapata kulala nje ya nyumba, na fundi anayesema "diski iache hapa mama, uje kesho" huwa namuaga hapo hapo. Kuna duka moja, si la hapa Lamu, waliniambia nitupe hili sanduku ninunue laptopu ya elfu themanini na tano. Sina. Ndipo nikamwendea kijana huyu wa mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu, aniongezee mbio za mashine niliyonayo.

Sanduku lenyewe kaka yangu alilileta kutoka Dubai mwaka 2012. Ndani mna prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i5-2500K, iliyotoka Januari 2011, yenye kasi ya kiwandani ya 3.3 GHz. Mimi hiyo herufi K nilidhani ni pambo tu. Kumbe ndiyo siri yote: maana yake kizidishi cha kasi hakikufungwa, mwenye bodi (ule ubao mkuu wa ndani) inayokubali anaweza kukipandisha. Bodi yangu ni ya chipu ya P67, inakubali. Ingekuwa H61, ambayo imejaa kwenye mashine za bei nafuu za wakati ule, K isingenifaa kitu. Miaka yote nimekalia kitu nisichokijua.

Karakana yenyewe haina bango. Ni chumba kimoja cha mawe, baraza mbele, meza ndani na taa ya kusomea. Mpwa wangu alilibeba sanduku begani, limefungwa leso, na kijana akatugombeza kwa adabu: kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, hutolewa kwanza kabla ya kubeba, isije ikakatika tundu lake njiani. Diski nilikuwa nimeshaichomoa nikaifungia kabatini. Nilimweleza kwa nini. Hakuuliza swali la pili. Akachukua diski yake mwenyewe ya majaribio, akaendelea. Kwangu mimi hapo tayari alishapata nyota tatu.

Sasa tatizo. Kwa kupimia nilimletea kwenye pendraivu kipande cha dakika 22 cha mashindano ya punda ya wakati wa Maulidi, kitu cha hadharani. Nyumbani kipande hicho kilikuwa kikichukua saa moja na dakika 50 kutoka kama video iliyokamilika. Nilidhani prosesa imezeeka. Fundi akaniwekea programu ya kusoma joto: nyuzi 97, na kasi inashuka yenyewe, inapanda, inashuka tena. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo zisiungue. Akashika feni ya asili ya Intel, ile inayobanwa na pini nne za plastiki, akaitikisa. Pini moja ilikuwa imevunjika, upande mmoja umenyanyuka, na pesti ya katikati, ile ya kupitisha joto, imekauka kama chokaa ya ukutani. Yaani nilikuwa nataka kuongezewa mbio na hata mbio nilizonunuliwa sizipati.

Alisafisha kila kitu kwa brashi na spiriti. Meno ya ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yalikuwa na kutu ya kijani, akayasugua kwa raba ya shule. Ramu ya GB 4 tukaiondoa, tukaweka mbili za GB 8 za mtumba, aina ya DDR3, shilingi 1,600 kila moja. SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240, 3,200. Feni mpya kubwa yenye mabomba ya shaba, 3,500. Pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, alinipa niipime kwa mkono: nyepesi kama mkate wa boflo. Akasema hii ndani haina kitu, na kwamba hataongeza kasi hata kidogo mpaka ibadilishwe. Nikahisi ananiuzia, lakini alipoifungua na kunionyesha nafasi tupu nikanyamaza. Ya mtumba ya wati 500, 2,800. Ufundi wake 3,000. Jumla 15,700.

Kuhusu SSD kuna jambo nililolipenda sana. Mwisho wa Januari 2011 Intel wenyewe walitangaza kasoro katika chipu zilizoandamana na prosesa hizi: matundu ya diski yale ya kasi ndogo yangeweza kudhoofika kadiri muda unavyokwenda, wakasimamisha kuzipeleka sokoni, wakatoa toleo lililorekebishwa liitwalo B3. Kijana aliangalia kwanza toleo la bodi yangu. Ni B3, alhamdulillahi. Hata hivyo SSD akaichomeka kwenye tundu la kasi ya 6 Gb/s, kisha akanionyesha la pili, akaniambia nikifika nyumbani diski yangu niichomeke hapo mwenyewe. Nikaichomeka mwenyewe. Kwa umri wangu huu!

Baada ya usafi, feni, ramu na SSD, punda walitoka kwa dakika 74. Kasi ya kiwandani, hakuna kilichopandishwa. Hapo ndipo fundi aliponiuliza kama bado nataka ile ovakloki niliyoijia, yaani kuipandisha prosesa kupita kasi ya kiwandani, kwa sababu kubwa limeshapatikana. Nikamwambia nataka, nimeshakuja.

Akaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi ya bodi. Kizidishi kinazidisha 100 MHz, kwa hiyo 42 ni 4.2 GHz. Ile 100 yenyewe hakuigusa, maana katika prosesa hizi inaendesha na mambo mengine ya bodi, ukiisukuma sana unaweza kuharibu data za diski. Alijaribu 44 kwanza. Windows ikawaka, ila baada ya robo saa ya Prime95, programu ya kuichosha prosesa, skrini ikawa ya buluu, yaani mashine imeanguka. Angeweza kuongeza volteji, na joto lingepanda nalo, na sisi tulikuwa katikati ya kaskazi, chumba chenyewe nyuzi 31. Akarudi 42, akaiacha ijaribiwe tangu Isha mpaka Alfajiri. Haikuzima. Joto la juu nyuzi 76. Punda: dakika 61.

Dakika kumi na tatu, basi. Ndiyo ovakloki niliyoota mwezi mzima. Si haba wakati wa msimu wa harusi, lakini anayedhani herufi K itamgeuzia mashine kuu kuu kuwa mpya, asikilize: pesti na pini ya plastiki zilinipa zaidi.

Malalamiko ninayo. Aliniahidi Jumanne, nikapata Jumamosi. Ramu moja kati ya mbili ilikuwa mbovu. Aliigundua mwenyewe kwa Memtest86, programu ya kupima ramu, na akaibadilisha bila kuniongezea bei, lakini nyingine ilibidi ingoje basi la Mombasa mpaka Mokowe, kisha boti. Risiti hatoi mpaka uombe, na akikupa ni karatasi ya daftari.

La kuudhi khasa lilikuja wiki mbili baadaye. Umeme ulikatika mchana kutwa, uliporudi nikaona video zinakawia. Natazama saa ya kompyuta: Januari 2011. Betri ile ndogo ya bodi, CR2032, ilikuwa imekufa, na bayosi ikasahau kila kitu ikiwemo ile 42. Kitu cha shilingi hamsini! Umefungua mashine ya 2012 mpaka mifupa, betri huigusi? Nilimpigia. Alikuja baada ya Alasiri na betri mfukoni, akarudisha mipangilio, akainakili kwenye karatasi akaibandika ndani ya sanduku. Pesa alikataa. Nikampa kashata.

Windows 11 usimuulize kwa mashine kama yangu. Inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za vizazi vya karibuni. Nimebaki na 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na intaneti nimeichomoa kabisa. Kwa kazi yangu ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Ukimtaka, ingia Langoni baada ya Alasiri, asubuhi hufungui mlango wake hata ugonge. Uliza fundi wa kompyuta mwenye baraza la paka watatu. Kadi ya picha itoe kwanza, na betri nenda nayo yako.