Nta imeziba sikio: matone ya mafuta au kusafishwa kwa maji?

Anza na mafuta ya zeituni. Ni rahisi, na mara nyingi yanatosha. Lala ubavu, sikio lililoziba likiwa juu, tia matone 2 au 3 ya mafuta yenye joto la mwili, kisha tulia dakika 5 hadi 10. Rudia mara 3 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Siku za mwanzo sikio linaweza kuziba zaidi kwa sababu nta inalainika na kutanuka. Watu wengi hukata tamaa hapo na kuchukua pamba za vijiti, ambazo huisukuma nta ndani zaidi.

Maji hufanya kazi haraka, lakini yanahitaji mikono ya mhudumu wa afya. Hutumia maji ya nyuzijoto 37 hivi, kwani yakiwa baridi au moto yanaweza kuleta kizunguzungu. Mtu mzima huvutwa sikio juu na nyuma, na maji huelekezwa ukutani mwa tundu, kamwe si moja kwa moja kwenye kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu la sikio. Nta kavu haitoki vizuri, hivyo hata hapa mafuta hutangulia.

Kiwambo kikiwa kimetoboka, au sikio likitoa usaha, usitumie njia yoyote kati ya hizi kabla ya kupimwa. Na kama sikio limeziba wakati wa mafua, huenda tatizo liko nyuma ya kiwambo, ambako mafuta wala maji hayafiki.

Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.