Meno Meupe na Yenye Afya Dodoma: Kipi Ulipie Kwanza, Kipi Kisubiri

Mteja akiingia kliniki ya meno na kusema anataka meno meupe, mara nyingi anapelekwa moja kwa moja kwenye bleach (dawa ya kung'arisha meno), maana ndiyo inayotangazwa zaidi mitandaoni. Kwa Dodoma hilo ni kosa la bei ghali. Watu wengi mjini hapa wamekulia Singida, Manyara au Arusha, na doa walilonalo halikuletwa na chai wala kahawa. Limo ndani ya jino tangu utotoni.

Tumepanga huduma hizi kwa maswali mawili. Hela yako inakupa nini kwa miaka ijayo? Na mambo yakienda kombo, unaweza kurudi pale ulipokuwa? Huduma inayokata jino lisilo na ugonjwa iko chini ya orodha, hata iwe inapendeza vipi kwenye picha.

Kwanza, jua doa lako. Simama dirishani mchana, kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, tazama kwenye kioo. Doa la kahawia au jeusi lililoshikana na ukingo wa fizi, au lililojibana kati ya jino na jino, ni la juujuu: chai, sigara, ugaga. Mistari myeupe kama chaki inayolala kulikatiza jino, au mabaka ya kahawia yanayofanana kushoto na kulia, karibu kila mara ni floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji uliyokunywa utotoni. Jino moja tu lililogeuka kijivu baada ya kugongwa huenda kiini chake kimekufa, na hilo linaanza na eksirei kabla ya kuzungumzia rangi. Hizo ni safari tatu tofauti, na bei zake hazikaribiani.

Nafasi ya 1: Kusafisha meno kliniki

Hakuna huduma inayobadilisha mdomo wa mtu mzima kwa gharama ndogo kama hii. Ukoga laini usipoondolewa kwa mswaki hushika madini na kuwa ugaga mgumu, na ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka fizi zivuje damu. Tazama nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu. Ndiko unakojaa zaidi, kwa sababu matundu ya mate yanafungukia hapo na madini ya ugaga yanatoka kwenye mate. Maji ya chumvichumvi ya visima hulaumiwa sana mjini hapa. Yanachafua birika, lakini ugaga ni mali ya mate yako.

Kazi kamili ina sehemu mbili: kukwangua kwa mashine ya mtetemo inayorusha maji, pamoja na vyuma vya mkono kwa pembe zilizobaki, kisha kupolishi kwa brashi na krimu. Polishi si pambo. Uso ulioachwa na mikwaruzo hushika doa upya haraka. Kazi nzima huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Ukimalizwa kwa dakika kumi, pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini. Kama bado kuna ukuta, hujasafishwa.

Damu kidogo siku hiyo na ganzi ya baridi kwa siku chache ni kawaida. Kuna malalamiko mengine yanayorudi kila mara: kwamba kusafisha kumelegeza meno au kumeleta mianya. Ukweli ni kwamba mfupa ulishaliwa na ugonjwa wa fizi, ugaga ukabaki kama gundi iliyoficha hali hiyo. Kuuacha kunamaliza mfupa uliobaki. Rudia kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili; mvutaji sigara na mgonjwa wa kisukari wakae kwenye sita. Mjamzito anaweza kusafishwa bila wasiwasi, amwambie tu daktari.

Nafasi ya 2: Floraidi ya nyumbani, na silanti kwa watoto

Dawa ya meno soma mgongoni. Unatafuta floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500. Nyingi nzuri zina 1450. Isiyotaja floraidi kabisa, iwe ya mitishamba au ya mkaa, inakupa harufu tu. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame pale ahakikishe anatema. Mtu mzima apige mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, ateme, asisukutue kwa maji, maana maji yanaondoa floraidi ambayo ameshailipia. Mswaki uwe laini, ubadilishwe kila miezi mitatu. Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukisuguliwa kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, ila ufuatishe na dawa yenye floraidi.

Aliyekulia Singida huuliza: floraidi si ndiyo iliyoniharibia? Ilikuharibia meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya. Yakishaota hayawezi kupata madoa hayo tena, na meno yenye madoa yanaoza kama mengine. Endelea na dawa.

Kwa mtoto, nunua silanti: plastiki nyembamba inayoziba mifereji ya gego. Wakati wake ni gego la kwanza la kudumu linapotoka, karibu na miaka sita, na la pili karibu na kumi na miwili. Jino linasafishwa, linapakwa asidi ya fosforiki kwa sekunde 15 hadi 30, linaoshwa, linakaushwa mpaka liwe jeupe kama chaki, ndipo silanti inapakwa na kupigwa mwanga. Adui ni mate. Tone moja likigusa jino baada ya kukaushwa, silanti itabanduka ndani ya miezi, na asidi inabidi irudiwe. Mtoto asiyetulia, au gego ambalo bado limefunikwa nusu na fizi, afadhali aina ya glasi ayonoma, inayovumilia unyevu hata kama haidumu sana.

Vanishi ya floraidi, yenye ppm 22,600, hupakwa mara mbili hadi nne kwa mwaka kwa mtoto anayeoza meno haraka. Na kama meno ya utoto yameshatoboka na mtoto hakubali mashine, ulizia floraidi ya fedha (madini ya silver) ya asilimia 38, dawa ya kupaka. Inasimamisha kuoza bila sindano, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Sehemu iliyooza itakuwa nyeusi na itabaki nyeusi. Mzazi aambiwe kabla, si baada.

Nafasi ya 3: Kuziba matundu

Jino bovu halipakwi rangi. Komposaiti, plastiki ya kuzibia inayofanana na rangi ya jino, huwekwa kwa tabaka za milimita mbili, kila tabaka likipigwa mwanga peke yake. Daktari mwenye haraka hujaza shimo lote mara moja. Chini hapakauki sawasawa, ziba inanywea, mwanya unabaki, na wewe unarudi na jino linalouma ukitafuna. Kama una mpango wa bleach, ziba za magego zitangulie, lakini zile za mbele zinazoonekana zisubiri mpaka wiki mbili baada ya bleach: komposaiti haibadilishwi rangi, na gundi yake haishiki vizuri kwenye jino lililotoka kung'arishwa.

Nafasi ya 4: Madoa ya floraidi

Kwa kanda hii ndipo penye mjadala. Kiwango cha juu cha floraidi kwenye maji ya kunywa kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vya Singida na ukanda wa Bonde la Ufa vinavyozidi hapo. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floraidi inabaki. Chanzo kingine kiko jikoni: magadi. Baadhi yake yana floraidi nyingi, na yanaingia kwenye mlenda, maharage na makande. Mtoto aliye chini ya miaka minane apikiwe bila magadi, maana hiyo ndiyo miaka ambayo meno yake ya mbele yanajengwa.

Kwa aliyekwisha kupata madoa, ngazi ni hizi, na usikubali kurushwa ngazi. Madoa ya juu hutolewa kwa kusugua jino kwa mchanganyiko wa asidi laini na chembe za kusaga, fizi zikiwa zimefunikwa kwa mpira. Kinachoondoka ni enameli (ganda gumu la nje la jino) nyembamba sana, kati ya sehemu moja na mbili za kumi ya milimita. Kahawia hupungua kwa namna inayoshangaza. Nyeupe ya chaki haiondoki kirahisi, na ikikaidi kuna utomvu maalumu unaonyweshwa ndani ya jino. Baada ya hapo bleach ya taratibu nyumbani husawazisha rangi iliyobaki. Jino lenye vishimo ndilo linalohitaji kufunikwa kwa komposaiti, na hapo muulize daktari kama atarefusha muda wa asidi au kulikwangua kidogo kwanza, kwa sababu enameli yenye floraidi nyingi inagoma kushikana na gundi. Komposaiti nyingi zinazobanduka kwa watu wa huku zinabandukia hapo.

Anayeanza na bleach kali ya kliniki kwenye meno ya aina hii hupata mshangao: mabaka meupe yanazidi kuonekana. Mengine hutulia baada ya siku kadhaa, mengine hayatulii.

Nafasi ya 5: Bleach

Inafaa kwa meno mazima yaliyopauka kuwa ya njano kwa umri, chai au sigara. Tunaiweka ya nyumbani juu ya ile ya kliniki. Daktari anachukua umbo la meno yako, anatengeneza sahani nyembamba ya kuvaa kwenye meno, unaweka jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, kiasi cha tone dogo kwa kila jino, unalala nayo kwa wiki mbili hivi. Jeli ikifurika kwenye fizi umeweka nyingi. Meno yakianza kuchoma kwa baridi, ruka usiku mmoja au miwili. Ya kliniki hutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40 na lazima fizi zizibwe. Fizi ikigeuka nyeupe na kuwaka, kizibo kilivuja. Weupe unaouona ukitoka kitini umeongezwa na ukavu wa jino, basi usiuhukumu kabla ya wiki moja.

Kwa saa 48 acha chai ya rangi, kahawa na mvinyo mwekundu. Ndiyo, hata ule wa zabibu za hapa hapa. Chini ya miaka 18 na wajawazito wasifanye. Jeli ya mtandaoni isiyoandika asilimia iache. Umoja wa Ulaya unaruhusu duka kuuza asilimia 0.1 tu ya haidrojeni peroksaidi, na hadi asilimia 6 kupitia daktari wa meno.

Nafasi ya 6: Waya za kunyoosha meno

Ni huduma nzuri, iko chini kwa sababu ya muda. Hesabu miezi 18 hadi 24, na kurudi kila wiki nne hadi sita. Anayetoka Manyoni au Kondoa ajumlishe nauli kabla ya kulipa utangulizi. Gharama ya kishikizo cha mwisho iwe ndani ya bei, kwani bila kishikizo meno hurudi yalikotoka. Kesi ngumu za taya hupelekwa Dar es Salaam, na treni ya SGR imerahisisha hilo. Na mwanya wa mbele ukiwa unaupenda, mwambie daktari auache; si ugonjwa.

Nafasi ya 7: Vinia za kauri na vipandikizi

Vinia ya kauri, kigamba chembamba kinachobandikwa mbele ya jino, mara nyingi hukata milimita 0.3 hadi 0.7 za enameli, na enameli haioti tena. Utakuwa ukibadilisha vinia maisha yako yote. Ifanyie jino lililovunjika au lenye vishimo vibaya, si meno kumi mazima ya kijana wa miaka 22. Kipandikizi cha titani, skrubu inayoingizwa kwenye mfupa kushika jino bandia, ni jibu zuri la pengo, ila mfupa unahitaji miezi mitatu hadi sita kukishika, na sigara au kisukari kisichodhibitiwa hukiangusha.

Usinunue kabisa

Limau na magadi ya kupaka, unga wa mkaa, waya za urembo zinazobandikwa saluni, vinia za kuchomeka. Limau linayeyusha enameli, mkaa unaikwaruza, na kinachobaki chini ni tabaka la njano. Ubuyu nao ni mchachu: kula, sukutua kwa maji, subiri nusu saa ndipo upige mswaki.

Kabla ya kukaa kitini

Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza namba ya usajili, si kosa. Vyombo vifunguliwe mbele yako kutoka kwenye mfuko uliofungwa, wenye alama iliyobadilika rangi kwa joto la otoklevu, mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Kwenye bima, uliza kabla, maana huduma za urembo kwa kawaida hazilipiwi hata pale kuziba na kung'oa kunapolipiwa. Makubaliano yaandikwe: meno mangapi, bei kwa jino, rangi ya mwanzo kwa namba ya kipimo kama A3 au A2, na nani analipa ziba ikibanduka ndani ya mwaka.