Kituo cha mazoezi ya polepole, Bukavu: goti langu lilikuwa linaenda vizuri mpaka siku ile

Nasema wazi tangu mwanzo: mtu mwenye rumatizimu ya magoti asipeleke pesa yake kwenye kile kituo cha mazoezi upande wa Nyawera, kile kiko juu ya duka, wa Bukavu mnakijua, juu (yaani kwa sababu) kijana wanayemuweka pale sasa hajui kuheshimu mwili wa mtu wala umri wa mtu. Jina lao siandike. Wanajijua, na waliokuwa ndani siku ile wanajua.

Mimi ni mama wa zaidi ya miaka hamsini, nauza vitenge Kadutu, kazi yangu ni kusimama. Na Bukavu hii ukitoka nyumbani unashuka, ukirudi unapanda, hata chumvi ya jirani iko mlimani. Watu wanafikiri kupanda njo kunaumiza goti, hapana, kushuka njo kubaya, hasa mvua ikinyesha na udongo unateleza, pale uzito wote unaangukia goti moja. Langu la kuume lilianza kulia kra kra, halafu likawa linavimba jioni, halafu asubuhi gumu kabisa mpaka nizunguke kidogo ndani ya nyumba. Munganga akapiga radio, ile picha ya mifupa, akasema ni atrozi, ile gegedu inayofunika vichwa vya mifupa imelika. Akanipa komprime, vidonge, akasema nipunguze uzito na nisiache kutembea. Nitembee namna gani na goti la vile? Hakusema, foleni ilikuwa ndefu.

Diklo (diklofenaki, dawa ya maumivu) nilikunywa mpaka tumbo likawaka moto. Sokoni wenzangu wananiambia nenda farmasi uombe deksa (deksametazoni), siku mbili utacheza. Hiyo deksa naomba wamama muiogope, ni ile ile wasichana wanakunywa ili wanenepe. Ni kweli maumivu yanakimbia, lakini ukiendelea nayo bila munganga uso unavimba, sukari inapanda, tansio, presha ya damu, inapanda, na mifupa yenyewe inakuwa dhaifu. Shangazi yangu ilimuharibia. Kwa hiyo binti yangu aliposikia kuna mazoezi ya polepole kwa watu wa viungo nikasema twende, na nikalipa mwezi mzima kwa dolari, mbele, kama wanavyotaka.

Sasa sikilizeni, juu hapa njo hasira yangu inachanganyika na kitu kingine. Mwanzoni alikuwa pale mama mmoja kinesi, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, mama mtu mzima, mpole, sauti ya chini. Yule mama alinifanyia kitu hakuna munganga alinifanyia. Alitulaza kwenye tapi, ile mkeka ya mazoezi, mgongo chini, magoti juu, nyayo zimekanyaga sakafu, akasema msifanye kitu bado, sikieni tu. Kisigino gani kinalemea zaidi? Bega gani haligusi chini? Unapumua au umebana? Nilikuwa sijui kwamba siku yote nabana meno na tumbo kwa ajili ya goti, na kwamba mguu wa kushoto ulikuwa unabeba kazi ya miguu miwili. Halafu akatuambia tuwaze saa imelala chini ya kiuno, tusukume kiuno kidogo kuelekea saa kumi na mbili, kidogo kuelekea saa sita, yaani kidogo kiasi kwamba mtu amesimama mlangoni haoni kitu. Mimi nilifikiri tunapoteza muda. Lakini nilipoinuka mgongo ulikuwa mrefu, na nyayo ya kuume ikawa inakanyaga chini yote, wakati zamani ilikuwa inakanyaga kwa upande tu.

Alituambia njia hiyo ilitoka kwa mzee mmoja, Moshé Feldenkrais, alizaliwa 1904 upande ule ambao leo ni Ukraine, alisoma mambo ya fizikia, alifanya kazi Paris kwenye maabara ya Joliot-Curie, na alikuwa mtu wa judo. Aliumia goti, njo akaanza kujichunguza mwenyewe jinsi anavyotembea, polepole, mpaka akafanya kuwa mafundisho. Alikufa 1984 na watu bado wanafundisha. Mama kinesi alikuwa anachanganya hiyo na vitu vya tai chi, ile ya Wachina ya kuhamisha uzito mguu kwa mguu, na akatuambia madaktari wa viungo wa Marekani, kwenye mashauri yao ya 2019, tai chi wanaishauri kwa nguvu kabisa kwa atrozi ya goti na ya nyonga. Si mambo ya maombi wala ya kienyeji. Alielezea na sababu yake: gegedu haina mishipa ya damu, inakula kupitia ute ulio ndani ya kiungo, ukitembea inabanwa na kuachiliwa kama sponji ya kuoshea sahani, inatema na kunywa, ukikaa tu inakaa na njaa. Na kila kilo unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Hiyo ilinishtua, nikapunguza fufu ya usiku.

Alinifundisha hata kuinuka kwenye kiti. Vuta miguu nyuma, peleka kichwa mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, halafu matako yanaachana na kiti yenyewe. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, na fimbo unashika mkono wa upande ule mzima. Vitu vidogo. Nilianza kushuka mpaka Place de l'Indépendance bila kusimama njiani.

Na alikuwa mkweli. Kulikuwa na mama mwenzetu, vidole vimevimba mikono yote miwili, asubuhi vinakaa vigumu zaidi ya saa nzima, na anachoka mwili mzima. Mama kinesi alimuweka pembeni akamwambia mama, yako si kama ya wengine hapa, hii inaonekana ni ile ambayo kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo, uende kwa munganga wakupime damu, mazoezi peke yake hayatazuia viungo kuharibika, unahitaji dawa yake. Angeweza kunyamaza na kula pesa yake. Hakunyamaza.

Halafu akapotea. Hakuna mtu alituambia kitu. Tunafika siku moja, ilikuwa karibu na Pasaka, usiku wote mvua, nimepanda zile ngazi zao (ndiyo, kituo cha watu wa magoti wamekiweka juu ya ngazi, na hakuna hata pa kushika), tunakuta kijana wa misuli, muziki juu, jambo hakuna, pole hakuna. Anasema wote simameni, leo kuchutama, mpaka chini, kumi. Watu wengine pale wana miaka sabini!

Mimi nilishika kiti nikashuka mpaka nusu, pale goti linaanza kusema, nikasimama pale, njo tulivyofundishwa: fika karibu na maumivu, rudi nyuma kidogo, fanya pale. Akanionyesha kidole kutoka mbele. «Weye wa nyuma, shuka!» Mimi, wa umri wa mama yake, weye wa nyuma. Nikamjibu kwa upole, mwanangu, hapa njo mwisho wangu, goti linauma. Akaja mpaka nilipo, na haya njo maneno yake, sijaongeza hata moja: «Mama, iyo maumivu iko tu mu kichwa yako. Unaogopa. Njo maana mazoezi yetu ni ya akili.» Na akaweka mikono yake miwili juu ya mabega yangu, akakandamiza.

Nilisikia kitu ndani kimekwaruza, na moto ukapanda mpaka kwenye paja. Nikapiga kelele. Papa mmoja mwenye fimbo akamwambia kijana, muache mama. Unajua alijibu nini? «Kama hamutaki kuumia, mubaki kwenu.»

Ngazi nilishuka kwa matako, mbele ya watu, binti yangu ananishika mkono. Goti lilivimba usiku ule ule mpaka kanga haifungiki vizuri, juma lote sikukanyaga sokoni, na mwenye kuuza vitenge anajua juma bila soko ni nini.

Ile maneno ya kichwa njo inanichoma mpaka leo kuliko hata goti. Juu mama kinesi na yeye alituambia maumivu yanapita kwenye ubongo, na kwamba ukiogopa, usipolala, ukiwa na mawazo, yanazidi, na ni kweli, nimeona. Lakini yeye alisema hivyo ili tujue kuna mlango wa kuyapunguza, kwa kupumua, kwa kwenda polepole. Hakusema hata siku moja kwamba tunadanganya! Mazoezi yote haya yamesimama juu ya kitu kimoja, mtu asikilize mwili wake. Sasa mtu amesikiliza, amekuambia mwili wake unasema nini, na unamkandamiza? Basi unafundisha nini?

Resepsio yao nayo. Msichana hakuinua macho kwenye simu: «Mama, pesa ikisha kuingia hairudi, imeandikwa kwenye resi», ile karatasi ya malipo. Nikamuuliza, na mama kinesi yuko wapi? «Hatujue.» Mwenye kituo nilimpigia, akasema tutaona, na mpaka leo bado anaona.

Binti yangu anasema niandike na upande mzuri, nisije nikawafukuza watu kwenye kitu kinachosaidia. Sawa, naandika. Mazoezi yenyewe yanasaidia, naapa, hata sasa uvimbe umeisha na nimerudia ile saa ya kiuno nyumbani kwenye mkeka, na goti linashukuru. Mwenye atrozi asikae kitandani. Na kama siku moja wanamrudisha yule mama, basi nendeni, lipeni, nitakuwa wa kwanza kwenye ngazi. Lakini kwa kijana yule? Nilitaka kuwapa nyota mbili kwa ajili ya miezi ile mizuri, nikikumbuka mikono yake juu ya mabega yangu naona hata moja ni nyingi. Tena mizuri ile haikuwa ya kwao, ilikuwa ya mama, wao walikusanya tu pesa.

Mkitaka kwenda tu, ulizeni kwanza nani anafundisha siku hiyo, lipeni siku kwa siku, si mwezi, na mtu akiwagusa mwili bila kuomba ruhusa inukeni mtoke.

Na anayejua mama kinesi anafanyia wapi sasa, naomba aniambie. Hata kama ni Bagira, hata kama ni kwenye baraza ya nyumba yake, nitapanda pikipiki nimfuate.