Ushauri wa rufaa katika ofisi ya uwakili karibu na Kisutu, Dar es Salaam

Nilikwenda katika ofisi hii nikiwa na swali moja: Mahakama Kuu ikikataa ombi la habeas corpus, yaani amri ya kumleta mahabusu mbele ya jaji, kabla kesi ya jinai haijasikilizwa, je, Mahakama ya Rufani ina mamlaka ya kuupokea uamuzi huo? Wakili alifungua Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, toleo la 2019, akanionyesha kifungu cha 5(2)(d), kinachozuia rufaa na vilevile maombi ya marejeo (kuiomba mahakama ya juu ikague uamuzi) dhidi ya uamuzi mdogo wa Mahakama Kuu, yaani unaotolewa kabla shauri halijaisha, isipokuwa uamuzi huo unamaliza shauri lenyewe. Kwa hoja yake, ombi la habeas corpus husimama peke yake, si hatua ndani ya mashtaka, hivyo likikataliwa hakuna kinachobaki mezani, na rufaa haizuiwi. Hoja nzuri, ingawa upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka, hautaiacha ipite kimya.

Ada ni ya juu, na risiti niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Maelezo, hata hivyo, yalikuwa ya kina, na wakili hakuniahidi ushindi. Kwa anayetaka ombi la kawaida la dhamana tu, gharama hiyo haina sababu.